Meno ya plastiki: kile anachoonyeshwa mama kiganjani

Binti wa miaka 12 aliletwa kwangu na mama yake kwa sababu wenzake shuleni walikuwa wakimcheka kila anapotabasamu. Chonge yake moja ya chini haikuwepo, na ya pili ilikuwa imeota ikiwa ndogo, ya rangi ya kahawia, yenye mabonde mabonde. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba ile isiyoonekana haikuwa imechelewa kuota, bali haikuwemo hata ndani ya taya. Nilimuuliza mama kama mtoto aliwahi kuumia kinywani alipokuwa mchanga. Alifikiri kidogo, akasema, "Hapana, daktari, hajawahi kuumia. Ila alipokuwa na miezi saba tulimtoa meno ya plastiki." Alilisema jambo hilo kwa sauti ileile ambayo wazazi hutumia wanaponitajia chanjo, na alishtuka aliponiona nimeweka kalamu chini.

Mimi ni daktari wa kinywa na meno ya watoto, na katika imani zote zinazohusu afya ambazo hukutana nazo, hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Wapo wazazi wanaomfunga mtoto hirizi, na wapo wanaompaka masizi kwenye paji la uso ili asitazamwe kwa jicho baya. Mambo hayo siyaamini, lakini sigombani nayo, kwa kuwa masizi hayakati nyama. Meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita meno ya nailoni, ni imani inayoingia kinywani mwa mtoto mchanga ikiwa na wembe, kisu, spoki ya baiskeli iliyonolewa au ukucha wa mganga, mara nyingi bila ganzi na bila chombo kuchemshwa.

Kwa msomaji asiyeijua, imani yenyewe ni hii. Mtoto mwenye umri wa kati ya miezi 4 na 12 hivi anaanza kuharisha, anatapika, anapata homa, anakataa ziwa na kulia usiku kucha. Jirani au bibi anamfunua kinywa, anapitisha kidole juu ya ufizi na kukuta uvimbe mweupe mahali ambapo chonge zitaota. Anasema kuwa hayo ni meno ya bandia, yaliyoingia yenyewe, na kwamba yasipotolewa yatamuua mtoto. Anaitwa mtu anayejua kuyatoa. Ufizi unachanwa, kitu cheupe, laini na chenye kung'aa kinachokolewa, na mama anawekewa kiganjani akione kwa macho yake.

Uganda, watu huyaita ebiino, na desturi yenyewe inajulikana pia Kenya, Ethiopia, Sudan na Somalia. Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark aitwaye Jens Pindborg alichapisha maelezo ya watoto wa Uganda waliokuwa na mapengo na meno yaliyoharibika kutokana na desturi hii, na tangu hapo madaktari wa meno wa Ulaya, Marekani na Israel nao wameikuta kwa watoto wa familia zilizohamia huko kutoka upande huu wa Afrika. Kwa hiyo si jambo la kijiji kimoja wala la kabila moja.

Sasa tukitazame kile kitu kilichomo kiganjani. Ni jino la kweli. Chonge ya utoto huota kati ya miezi 16 na 23, lakini huanza kujengwa mtoto akiwa bado tumboni, na kichwa cha jino hilo, yaani sehemu itakayoonekana juu ya ufizi, hakikamiliki mpaka mtoto afikishe karibu miezi 9. Mtu anayechana ufizi wa mtoto wa miezi 6 au 7 lazima atakuta chipukizi la jino ambalo bado halijakomaa, jeupe, teketeke, lisilo na mzizi, linalobonyea kwa ukucha. Linafanana na plastiki kwa sababu ile ile inayolifanya hindi bichi lifanane na maziwa likibanwa, yaani halijafika wakati wake. Ungechana ufizi wa mtoto yeyote mwenye afya njema wa umri huo, ungelikuta pale pale. Tatizo ni kwamba hakuna mzazi anayempeleka mtoto asiyeumwa akachanwe, na kwa sababu hiyo ushahidi wa upande wa pili haupati kuonekana kamwe.

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili, na ndiyo sababu siwezi kumwita mama yule mjinga. Hakudanganywa kwa maneno matupu. Alionyeshwa kitu, na siku mbili baadaye mtoto akapata nafuu. Ni nani kati yetu asiyeamini anapoona chanzo kimetolewa na ugonjwa ukaondoka? Lakini hebu tufuate kalenda ya mtoto mwenyewe. Karibu na mwezi wa 6 kinga aliyorithi kwa mama yake imepungua sana. Ni mwezi huohuo anapoanzishiwa uji, uliopikwa kwa maji ambayo pengine hayakuchemka vizuri au uliokaa bakulini tangu asubuhi. Anaanza kutambaa, na kila anachookota sakafuni anakipeleka mdomoni. Kwa hiyo ni kipindi ambacho watoto huharisha kuliko kipindi chochote, na kwa bahati mbaya ndicho kipindi ambacho chonge hutuna chini ya ufizi kiasi cha kuonekana. Mambo mawili yanatokea pamoja kwa sababu yote mawili yana ratiba ya umri, na jicho la mwanadamu likiona vitu viwili vimefuatana hulifanya la kwanza kuwa mzazi wa la pili.

Kuhusu nafuu, maelezo ni mepesi zaidi. Kuharisha kwa ghafla kunakosababishwa na virusi kwa kawaida huisha kwenyewe ndani ya siku 3 hadi 7. Mama hampeleki mtoto kwa mganga siku ya kwanza. Kwanza hungoja, kisha hununua dawa dukani, kisha huulizia kwa majirani. Anapofika kwa mtoa meno ugonjwa umekwisha kufika kileleni na unaelekea kushuka, kwa hiyo lolote litakalofanywa siku hiyo litapewa sifa. Mtoto angepelekwa siku hiyohiyo akapigwe picha studio, naye angepona baada ya picha.

Na asipopona? Nimewauliza wazazi wengi swali hili, na majibu hayatofautiani sana: meno hayakutolewa yote, yaliota mengine, tulichelewa, mtoto alikuwa na jambo jingine. Sikumbuki mzazi aliyeniambia kwamba, basi, pengine hayakuwa meno yaliyomuumiza. Dai ambalo mtoto akipona ni ushindi wake, na akifa si kosa lake, halina namna ya kupimwa, na kwangu mimi huo ndio mpaka kati ya dawa na ushirikina, si rangi ya mtu anayeitoa wala kama anavaa koti jeupe.

Nalisema hilo la koti jeupe kwa makusudi. Mwaka 1839 takwimu rasmi za Uingereza na Wales ziliandika vifo 5,016 vya watoto kuwa vilisababishwa na kuota meno. Waliojaza vyeti hivyo hawakuwa waganga wa vijijini. Tangu karne ya 16 Mfaransa Ambroise Paré, mmoja wa wapasuaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake, alikuwa akishauri kuchana fizi za watoto, na karne mbili baadaye mpasuaji John Hunter wa London alieleza kuwa alimchana mtoto mmoja mara hadi kumi. Poda za kupaka fizi zilizouzwa huko zilikuwa na zebaki ndani yake, na ziliendelea kuwatia watoto sumu mpaka zilipoondolewa sokoni katikati ya miaka ya 1950. Kosa lilikuwa lilelile la kwetu: mtoto anaota meno, mtoto anaugua, basi meno yanamuua. Waliacha kwa kuhesabu na kulinganisha, wala si kwa sababu akili zao zilikuwa bora kuliko za bibi zetu.

Madhara ya huku kwetu nayajua kwa mikono yangu. Mtoto wa kilo 7 ana damu ya mililita 560 hivi mwilini mwake mwote, yaani zaidi kidogo tu ya chupa ya maji ya nusu lita. Fizi zina mishipa mingi, na mtoto humeza damu badala ya kuitema, kwa hiyo mama huona madoa machache kwenye kanga na kudhani damu imekata, kumbe imeingia tumboni. Mililita 100 zikipotea, karibu sehemu moja ya tano ya damu yote imekwenda, kwa mtoto ambaye tayari amekaukiwa maji. Zaidi ya hapo kuna vijidudu kuingia kwenye damu, kuna usaha ndani ya taya, kuna pepopunda, na kuna homa ya ini na virusi vya ukimwi pale wembe mmoja unapohudumia watoto wengi.

Kisha kuna jeraha lisiloonekana. Chonge ya ukubwani huanza kugandisha tabaka lake gumu mtoto akiwa na miezi 4 au 5, nayo imejificha karibu kabisa na ile ya utoto, upande wa ulimi. Spoki haiwezi kutenganisha moja na nyingine. Ikiligusa, jino hilo litaota likiwa na kasoro. Ikilichokonoa, halitaota kabisa. Lakini chonge ya chini ya ukubwani hutarajiwa karibu na miaka 10, na ya juu hata baadaye kidogo, kwa hiyo miaka hupita kati ya wembe na matokeo yake, na hakuna anayeyaunganisha. Mama wa yule binti hakuwa ameyaunganisha mpaka siku ile mbele yangu.

Dawa inayookoa watoto hawa ipo, na ni ya bei nafuu mno: maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi, ambayo unga wake huuzwa kwa pakiti za ORS. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowashika wakimbizi katika kambi ya Bongaon nchini India na dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa ndugu wa wagonjwa maji hayo wawanyweshe wenyewe, na vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi tunaongeza zinki kwa siku 10 hadi 14, tunasisitiza ziwa lisikatizwe, na tangu mwanzoni mwa 2013 Tanzania imekuwa ikitoa kwa watoto wachanga chanjo ya virusi vya rota, ambavyo husababisha kuharisha.

Lakini nimekuja kukiri kwamba maji haya yana udhaifu mbele ya mzazi. Hayazuii kuharisha papo hapo. Yanazuia kifo, na kifo kilichozuiwa hakionekani. Mtoto anaweza kunywa kikombe kizima na dakika kumi baadaye akaharisha tena, na mama akaona kwamba hayasaidii kitu. Mganga ana kitu cha kuweka kiganjani, mimi nina pakiti na maelezo. Maelezo yenyewe mara nyingi hayatolewi: nimewahi kukaa kwenye benchi la kituo kimoja cha afya nikiwa na mtoto wa ndugu yangu, nikashuhudia akina mama wakikabidhiwa pakiti dirishani bila kuambiwa zinachanganywa na maji kiasi gani. Hasira niliyokuwa nayo siku ile ilikuwa juu yetu sisi watoa huduma, si juu ya mganga yeyote.

Huwa naulizwa kama basi nadharau tiba asili. Sidharau. Dawa mseto ya malaria tunayoitumia kila siku imetokana na mmea wa Artemisia ulioandikwa katika vitabu vya kale vya China, na Tu Youyou aliyeufanyia kazi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mmea huo ulipata heshima kwa sababu ulikubali kupimwa. Siku mtoa meno atakapokubali tuhesabu watoto aliowachana na wale wasiochanwa, walioharisha msimu mmoja katika kijiji kimoja, nami nitahesabu pamoja naye kwa moyo mweupe.

Mama wa yule binti alikuwa na mtoto mwingine mgongoni, wa kiume, wa miezi 6. Aliniuliza kwa woga kama naye anayo. Nilimpa maji na sabuni anawe mikono, nikamwomba apitishe kidole chake mwenyewe taratibu juu ya ufizi wa mwanawe. Akasimama pale alipokuta uvimbe. "Yapo," akasema. Nikamuuliza kama mtoto anaharisha. Hapana. Ana homa? Hapana, ananyonya vizuri tu. Kwenye benchi la nje alikuwepo mama mwingine mwenye mtoto wa umri unaokaribiana na huo, aliyemsindikiza mkubwa wake kuziba jino. Nilimwomba ruhusa, akacheka na kukubali, na kila mmoja akanawa na kupapasa ufizi wa mtoto wa mwenzake. Walikuta kitu kilekile, mahali palepale, kwa watoto wawili wasiokuwa na ugonjwa wowote. Mama wa binti alinyamaza kwa muda mrefu, akamtazama mwanawe wa kike aliyekuwa amefunika mdomo kwa mkono, kisha akaniomba nimwandikie tarehe ya kurudi.