Je, wajua kwa nini ni vigumu kujua kama beki wako anataka kuondoka?

Msimu wa 2024/25 Liverpool ilikuwa inaongoza Ligi Kuu ya Uingereza, na mashabiki wake walikuwa wanagombana wao kwa wao. Chanzo kilikuwa mtu mmoja, beki wa kulia Trent Alexander-Arnold, ambaye mkataba wake ulikuwa unakwisha tarehe 30 Juni 2025. Je, anataka kubaki, au moyo umeshahamia Real Madrid? Alizaliwa Liverpool, akaingia kwenye akademi ya klabu akiwa na miaka 6, akawa nahodha msaidizi. Kwa mashabiki wengi jibu lilipaswa kuwa wazi. Halikuwa wazi hata kidogo, na ubishi ule haukuishia Anfield, uwanja wa Liverpool. Kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam na vijiwe vya Nairobi na Mombasa watu walikatana maneno msimu mzima, kila mmoja na ushahidi wake.

Ushahidi huo ndio unaochekesha ukiutazama leo. Tarehe 29 Desemba 2024 Liverpool iliifunga West Ham 5-0, Trent akafunga bao moja, kisha akashangilia kwa kufungua na kufumba kiganja kama mdomo wa mtu anayebwabwaja. Kambi ya kwanza ikasema: mmeona, anawaambia wazushi wanyamaze, haendi popote. Kambi ya pili ikasema: mtu asiye na lake jambo hahangaiki na wazushi. Wiki moja baadaye, tarehe 5 Januari, Liverpool ikatoka sare ya 2-2 na Manchester United, na Trent akacheza vibaya kuliko kawaida yake. Siku chache kabla vyombo vya habari vilikuwa vimeripoti kwamba Madrid imepeleka ofa na Liverpool imeikataa. Sasa hata pasi iliyopotea ikawa habari: mwili uko Anfield, akili iko Hispania.

Halafu ikaja mechi ya Leicester, tarehe 20 Aprili. Trent, akitoka kwenye majeraha, aliingia kutoka benchi, akafunga bao pekee la mchezo, akavua jezi na kuitundika kwenye kibendera cha kona. Hapo kila kambi iliamini imeshinda kesi. "Anayetaka kuondoka hashangilii hivi," walisema hawa. "Anaaga," walisema wale. Siku 15 baadaye, tarehe 5 Mei, alitangaza kwamba anaondoka. Bao lilikuwa lilelile na jezi ileile, lakini kila mtu alikuwa ameliona kwa jicho la kile alichokuwa anakiamini tangu mwanzo.

Tatizo la dalili za aina hii linaonekana vizuri zaidi ukiwaweka wachezaji watatu pamoja. Msimu huohuo mikataba ya Mohamed Salah na beki wa kati Virgil van Dijk nayo ilikuwa inakwisha. Salah hakuficha. Novemba 2024, baada ya mechi ya Southampton, aliwaambia waandishi kwamba hajapata ofa ya mkataba mpya na kwamba pengine yuko nje zaidi kuliko ndani. Kwa kanuni za kijiweni, huyo ndiye aliyekuwa anafunga mabegi. Lakini tarehe 11 Aprili 2025 Salah akasaini miaka miwili, na siku sita baadaye Van Dijk naye akasaini. Aliyelalamika hadharani akabaki. Aliyenyamaza akaenda.

Kwa nini alinyamaza? Hapa inabidi tuache nyuso tuingie kwenye kanuni. Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ilitoa hukumu katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, ambaye klabu yake ya RFC Liège ilimzuia kwenda Dunkerque ya Ufaransa ingawa mkataba wake ulikuwa umekwisha. Tangu hapo mchezaji aliyemaliza mkataba huondoka bila klabu yake ya zamani kulipwa ada ya uhamisho. Kanuni za FIFA zikaongeza jambo: mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini ya hapo anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine na kukubaliana nayo. Kwa hiyo tangu tarehe 1 Januari 2025 Trent alikuwa na haki kamili ya kuketi na Madrid, kwa sababu ni klabu ya nje ya Uingereza. Kabla ya tarehe hiyo, klabu inayomtaka hulazimika kupita kwa mwajiri wake kwanza. Liverpool wenyewe wanalijua hilo: Juni 2017 walilazimika kuiomba radhi Southampton hadharani kuhusu namna walivyomfuata huyuhuyu Van Dijk.

Ukishajua hivyo, ukimya wa mchezaji unakuwa na maelezo. Chukulia angetamka Septemba kwamba anaondoka. Angecheza miezi minane akizomewa nyumbani. Hatuhitaji kubuni, kwa sababu tuliona: tarehe 11 Mei, siku sita tu baada ya tangazo, aliingia kutokea benchi dhidi ya Arsenal na sehemu ya mashabiki wa Anfield wakamzomea kila alipogusa mpira. Ubingwa ulikuwa umeshapatikana tangu tarehe 27 Aprili, na bado walizomea. Kwa upande mwingine, chukulia angetamka kwamba anataka kubaki. Wakala wake angeingia kwenye mazungumzo mikono mitupu, maana klabu haimwongezei mtu ambaye ameshasema haendi kokote. Na klabu nayo haina haraka ya kusema, kwa sababu siku inapotangaza kwamba beki wake anaondoka, kila anayeuza beki wa kulia hupandisha bei. Pande zote mbili zina faida ya kufunga mdomo. Anayeumia ni shabiki, na shabiki hayumo kwenye mazungumzo.

Kuna njia moja ya mchezaji kusema rasmi kwamba anataka kuondoka, nayo ni kuandika barua ya kuomba kuuzwa. Van Dijk alifanya hivyo Southampton mwezi Agosti 2017, na bado hakuuzwa hadi Januari 2018, kwa paundi milioni 75. Barua hizo ni nadra, na sababu si aibu tu. Mchezaji anayeomba mwenyewe kuuzwa huweza kupoteza malipo ya uaminifu yaliyomo kwenye mkataba wake. Ndiyo maana wengi hupendelea klabu ndiyo ionekane inauza.

Basi kama bao, ishara ya mkono na ukimya havisemi kitu, shabiki atazame nini? Mimi ningeanza na kalenda. Mchezaji muhimu wa klabu kubwa mara chache huachwa aingie mwaka wa mwisho wa mkataba bila kuongeza. Akishaingia, upo mvutano tayari, iwe wa pesa, wa miaka au wa nia. Trent alisaini mara ya mwisho Julai 2021, na kati ya hapo na 2025 nafasi ya mkurugenzi wa michezo wa Liverpool, anayeshughulikia usajili na mikataba, ilipita mikononi mwa watu wanne: Michael Edwards, Julian Ward, Jörg Schmadtke, kisha Richard Hughes. Juu ya hayo kocha Jürgen Klopp akatangaza Januari 2024 kwamba anaachia ngazi. Ofisi inayobadilisha watu namna hiyo husahau mafaili, na faili la beki wa kulia lilikuwa mojawapo. Lawama zote alitupiwa mchezaji, lakini kwa maoni yangu nusu yake ilikuwa ya ofisi.

Baada ya kalenda, umri. Trent alikuwa na miaka 26. Kwa beki huo ndio umri wa mkataba mkubwa kuliko yote maishani, na anayeufikia umri huo akiwa huru anaingia sokoni kwa nguvu kubwa, maana pesa ambayo ingekwenda kwa klabu yake kama ada inaweza kugeuka mshahara wake na malipo ya kusaini. Van Dijk alikuwa na miaka 33. Klabu za kumpa mkataba mnono nje ya Liverpool hazikuwa nyingi, na kwa Liverpool yeye alikuwa nahodha ambaye huwezi kumpata dukani. Hesabu zao zilikuwa tofauti kabisa, bila kujali nani anaipenda klabu kuliko mwenzake.

Cha tatu ni mnunuzi, na hapa dalili zilikuwa wazi kuliko zote. Oktoba 2024 beki wa kulia wa Madrid, Dani Carvajal, aliumia goti vibaya akiwa na miaka 32. Nafasi ilikuwa wazi. Tena Madrid ina tabia yake: David Alaba alikwenda bure kutoka Bayern mwaka 2021, Antonio Rüdiger bure kutoka Chelsea mwaka 2022, Kylian Mbappé bure kutoka PSG mwaka 2024. Klabu iliyozoea kusubiri mkataba wa mtu ukauke, ikiwa na pengo upande wa kulia, na beki bora wa kulia anamaliza mkataba. Ukiyaweka hayo kwenye karatasi huhitaji kumchungulia Trent usoni, wala kuhesabu picha zake na rafiki yake Jude Bellingham wa Madrid.

Kuna waliouliza kwa hasira: kama mambo yalikuwa wazi hivyo, mbona Liverpool hawakumuuza mapema? Swali zuri, hasa kwa sababu ya namna vitabu vya klabu vinavyoandikwa. Mchezaji aliyenunuliwa, gharama yake hugawanywa kwenye miaka ya mkataba, na akiuzwa faida ni kile kinachozidi sehemu iliyobaki. Mchezaji wa akademi hana gharama ya ununuzi, kwa hiyo kila paundi anayouzwa ni faida tupu. Kumwachia Trent bure kulikuwa hasara ya aina mbaya kuliko zote. Lakini Januari 2025 timu ilikuwa inaongoza ligi, na ofa ya Madrid ilikuwa ya mtu ambaye miezi sita baadaye wangempata bure, kwa hiyo haikuweza kuwa kubwa. Kumuuza katikati ya mbio za ubingwa kungekuwa ubahili wa kijinga. Kocha mpya Arne Slot alimbakisha, wakachukua kombe. Mwishoni kabisa Madrid ililipa kiasi, vyombo vya habari vikitaja takribani yuro milioni 10, ili tu aachiwe mapema acheze Kombe la Dunia la Klabu nchini Marekani kuanzia Juni. Alipotambulishwa Madrid akahutubia kwa Kihispania safi. Hiyo ndiyo dalili pekee ambayo ingemaliza ubishi wote, na hakuna aliyeiona kwa sababu masomo ya lugha hayafanyiki uwanjani.

Hasira iliyofuata inaeleweka hata kama mimi siikubali. Mchezaji aliyenunuliwa akiondoka, mashabiki husema biashara ni biashara. Mzaliwa wa mtaani akiondoka, kila mmoja anahisi ameachwa yeye binafsi, maana Trent alikuwa anaishi ndoto yao. Sol Campbell, nahodha na beki wa Tottenham, alimaliza mkataba mwaka 2001 akavuka kwenda Arsenal bure, na mashabiki wengi wa Tottenham mpaka leo hawajamsamehe. Novemba 2025 Trent aliporudi Anfield na Madrid, walimzomea tena.

Kwetu tumeshayaona hayohayo. Mohamed Hussein, Tshabalala, beki wa kushoto na nahodha wa Simba, alifika Msimbazi mwaka 2014. Majira ya usajili ya 2025 mkataba wake ukakwisha, akatua Yanga. Wapo Wanasimba waliokuwa wanaapa kwamba hawezi, kwa sababu ya miaka yote ile, lakini miaka ile haikuwa imeandikwa popote kama kifungu cha mkataba. Mlinganishe na Feisal Salum, Fei Toto, ambaye ni kiungo lakini kisa chake kinafundisha. Desemba 2022 alisema wazi kuliko mchezaji yeyote kwamba haitaki tena Yanga. Nia ilijulikana nchi nzima. Lakini mkataba ulikuwa bado una muda, na Januari 2023 TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje ya uwanja miezi kadhaa, hadi Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba Yanga jambo hilo limalizwe, ndipo akauzwa Azam. Mmoja alionyesha kila dalili ya kutaka kuondoka na hakuweza kutoka, mwingine hakuonyesha yoyote na akatoka mlango wa mbele, kwa sababu tarehe ya mmoja ilikuwa haijafika na ya mwenzake ilikuwa imeshapita.