Nundu za mwaloni si mayai wala si ugonjwa

Nimeletewa tena picha ya tawi la mwaloni lililojaa vigololi vya kahawia, na swali lilelile: nipulizie dawa gani haya mayai ya nyigu? Usipulizie kitu. Si mayai, na mti hauumwi.

Vigololi hivyo ni nundu, yaani uvimbe wa mti, za nyigu aitwaye Andricus kollari, lakini nyigu huyo hajengi chochote. Jike hutaga yai ndani ya tumba, akaenda zake. Lava, funza anayeanguliwa humo, ndiye anayeushurutisha mti ukuze nundu, na kila seli ya nundu ni ya mti wenyewe. Lava akifa mapema, nundu inaacha kukua. Hapo watu hunikatiza: "Si ni sumu ya mama?" Kwa nyigu-msumeno wa mierebi, ndiyo, majimaji ya mama huanzisha uvimbe. Kwa Cynipidae, familia ya nyigu wa nundu ambamo kollari yumo, hapana! Vitabu husema lava "hutoa kemikali" kana kwamba shauri limekwisha. Kemikali zipi, na zinaamrishaje jeni za mti? Bado tunabishana.

Pasua nundu mbichi kwa kisu kikali. Chini ya ganda la kijani kuna tabaka nene lenye tanini, kemikali chungu ya mti, na katikati kabisa chumba kimoja chenye ukuta mgumu. Humo amejikunja lava mweupe asiye na miguu, anakula seli laini zilizotanda ukutani. Ukikuta vyumba vingine vidogo pembeni, wamo Synergus, nyigu wasioweza kuanzisha nundu yao. Kwa hiyo usinionyeshe tundu ukasema "nyigu katokea hapa". Nyigu yupi? Tundu moja pana pengine ni la kollari. Vitundu vingi vyembamba ni vya Synergus, au vya vimelea waliowala wenzao. Kwa tundu peke yake, mimi siapi.

Kollari wanaotoka humo ni majike watupu. Huenda kutaga kwenye mwaloni wa aina nyingine, Quercus cerris, na majira ya kuchipua vinundu vidogo mno hutoa madume na majike. Kizazi hicho kilidhaniwa spishi nyingine kabisa, kikaitwa Andricus circulans. Bila mti huo wa pili mzunguko haukamiliki. Dawa mnayotaka kupulizia haigusi jambo hili hata kidogo.

Mche mchanga ni habari nyingine, maana nundu nyingi huua matumba na kupinda shina. Zichume zingali kijani, kabla hazijatoboka. Mti mkubwa uache.