"Alishinda kwa sababu ya sura yake": Locket Chatterjee na dhana potofu kuhusu waigizaji wa Bengali walioingia siasa

Kila ninapofundisha uchaguzi wa India, tukifika Bengali Magharibi mkono unanyooshwa na swali ni lile lile: "Mwalimu, hawa waigizaji si wanachaguliwa kwa kuwa watu wamewazoea kwenye filamu?" Wengine hata kuuliza hawaulizi. Wanaliandika kwenye insha kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Nimelisahihisha pembeni mwa karatasi mpaka nimechoka, basi leo nalijibu kwa kirefu, na nitamtumia mtu mmoja ambaye rekodi yake inalimaliza swali hili: Locket Chatterjee.

Dhana: Umaarufu wa filamu ndio uliompa ubunge

Locket alikuwa mwigizaji wa filamu na tamthilia za televisheni za Kolkata. Katika siasa alianzia Trinamool, chama cha Mamata Banerjee kilichoingia madarakani jimboni mwaka 2011, akahamia BJP, chama cha Narendra Modi, mwaka 2015. Mwaka 2016 aligombea bunge la jimbo huko Mayureswar, wilaya ya Birbhum, akashindwa. Mwaka 2019 aligombea bunge la taifa, Lok Sabha, katika eneo la Hooghly, akashinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 70,000. Mwaka 2021, akiwa bado mbunge huko Delhi, chama chake kilimsimamisha tena kwenye bunge la jimbo, kiti cha Chinsurah, ambacho kimo ndani ya Hooghly hiyo hiyo. Akashindwa. Mwaka 2024 alitetea kiti chake cha Hooghly na akashindwa, mara hii yeye ndiye aliyeachwa kwa kura zaidi ya 70,000.

Rudi uisome orodha hiyo taratibu. Chaguzi nne, mtu yule yule, sura ile ile, na kwa tatu kati ya hizo karibu wapiga kura wa aina ile ile. Ushindi ni mmoja. Kitu kisichobadilika hakiwezi kueleza matokeo yanayobadilika kila mara, na mwanafunzi yeyote wa takwimu wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Lakini likija suala la mwigizaji, hasa akiwa mwanamke, watu wenye akili timamu wanalisahau.

Sasa tutazame kilichobadilika. Mwaka 2014 BJP ilipata takribani asilimia 17 ya kura za Bengali Magharibi na viti 2 kati ya 42. Miaka mitano baadaye ikapata asilimia 40 na viti 18. Kura hizo zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa zilitoka mrengo wa kushoto, muungano ulioongozwa na chama cha kikomunisti CPI(M) uliotawala jimbo hilo kwa miaka 34 mfululizo, kuanzia 1977 hadi 2011. Mwaka 2014 muungano huo bado ulikuwa na karibu asilimia 30 ya kura. Mwaka 2019 ulibaki na chini ya asilimia 8 na haukuambulia kiti hata kimoja. Watu waliochoshwa na Trinamool vijijini walitafuta kinga mahali pengine, wakaiona kwa BJP.

Hooghly inaonyesha hilo waziwazi. Mwaka 2014 mgombea wa BJP pale alikuwa Chandan Mitra, mwandishi wa habari aliyejulikana nchi nzima, na alishika nafasi ya tatu. Na ndani ya Hooghly kuna Singur. Mwaka 2006 serikali ya mrengo wa kushoto ilitwaa karibu ekari 1,000 za mashamba huko Singur ili Tata Motors wajenge kiwanda cha magari. Mamata aliongoza upinzani wa wakulima, na mwaka 2008 Tata wakaondoka kwenda Gujarat. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya India iliamuru ardhi irudishwe kwa wenyewe. Ikarudishwa, lakini sehemu yake ilikuwa imeshamwagwa zege, na ajira za kiwandani hazikuwapo. Kwenye uchaguzi wa 2019 Locket aliongoza Singur, palepale Mamata alipojijengea jina. Hebu mtu anieleze hilo linahusiana vipi na tamthilia.

Nikifika hapa darasani huwa naambiwa: "Lakini 2024 alishindwa na mwigizaji mwenzake!" Ni kweli. Trinamool ilimleta Rachana Banerjee, nyota wa filamu na mtangazaji wa kipindi cha televisheni cha michezo ya burudani kwa wanawake ambacho nyumba nyingi za Bengali hukitazama. Wanaotoa hoja hii hudhani wameniziba mdomo. Ukweli ni kwamba Hooghly ina viti saba vya bunge la jimbo ndani yake, na Trinamool ilikuwa imeshavitwaa vyote saba mwaka 2021, miaka mitatu kabla Rachana hajaingia siasa. Kiti kimojawapo, Pandua, alikitwaa Ratna De Nag, yule yule ambaye Locket alimng'oa ubunge mwaka 2019. Kwa hiyo Rachana alipofika alikuta njia imeshafagiliwa.

Aliyeifagia ni nani? Nafasi kubwa naipa Lakshmir Bhandar, mpango wa serikali ya Trinamool ulioanza mwaka 2021 wa kuwalipa wanawake fedha kila mwezi: rupia 500 kwa kawaida, na 1,000 kwa wa matabaka na makabila yaliyobaguliwa. Mwaka 2024, kabla ya uchaguzi, viwango vilipandishwa hadi 1,000 na 1,200. Mama anayepokea fedha hiyo kila mwezi anajua imetoka kwa chama gani.

Sisemi umaarufu hauna kazi. Unamwokoa mgombea na gharama ya kujitambulisha, na unajaza viwanja vya mikutano. Ila kwa maoni yangu vyama vinawataka waigizaji kwa sababu nyingine ambayo wanafunzi hawaifikirii kabisa. Viongozi watatu wa chama wilayani wanapogombania tiketi, ukimpa mmoja umewaudhi wawili, na hao wawili wataketi nyumbani siku ya kura. Ukimleta mwigizaji asiye na kundi, wote watatu wanakubali kumfanyia kampeni. Ushauri wangu kwa yeyote anayeandika insha juu ya mgombea wa aina hii ni huu: anza na matokeo ya chama chake pale pale kabla yeye hajafika. Ukimaliza hapo, mara nyingi utagundua habari ya filamu inahitaji sentensi mbili tu.

Dhana: Bengali ni kama Tamil Nadu, nyota wanatawala

Hapana. Kule kusini, M. G. Ramachandran, mwigizaji, alikuwa waziri mkuu wa jimbo la Tamil Nadu kuanzia 1977, na Jayalalithaa, aliyeigiza pamoja naye, akashika wadhifa huo mwaka 1991. N. T. Rama Rao alianzisha chama chake huko Andhra Pradesh mwaka 1982, na mapema 1983 alikuwa madarakani. Hakuna mwigizaji aliyewahi kuongoza serikali ya Bengali Magharibi. Kule kusini nyota walikuja na vyama vyao na mashabiki waliokwisha kujipanga. Bengali nyota anaingia kwenye chama cha mtu mwingine na anapewa pa kugombea. Madhabi Mukherjee, mwigizaji mkuu wa filamu ya Satyajit Ray ya mwaka 1964, *Charulata*, aligombea Jadavpur mwaka 2001 kwa tiketi ya Trinamool dhidi ya Buddhadeb Bhattacharjee, kiongozi wa serikali ya jimbo, akashindwa. Ukitaka sura inayopendwa na Wabengali, ndiyo hiyo.

Dhana: Hawa ni waigizaji wa Bollywood

Bollywood ni Mumbai na Kihindi. Filamu za Kibengali hutengenezwa Kolkata, mtaa wa Tollygunge, kwa lugha yao, na wapiga kura wa Hooghly ndio watazamaji wake. Sisi wa Afrika Mashariki tulilelewa na filamu za Kihindi, kwa hiyo kosa hili nalielewa, lakini kwenye insha ya chuo silikubali.

Dhana: Roopa Ganguly naye alichaguliwa

Roopa, aliyeigiza Draupadi kwenye *Mahabharat* ya televisheni, aligombea Howrah Kaskazini mwaka 2016 na kushindwa. Mwaka huo huo Rais wa India alimteua Rajya Sabha, baraza la juu. Huo ni uteuzi, hakupigiwa kura na mtu.

Dhana: Wakifika bungeni wananyamaza kwa kuwa hawajui siasa

Satabdi Roy, mwigizaji wa tangu miaka ya 1980, amechaguliwa Birbhum mara nne mfululizo, kuanzia 2009 hadi 2024. Na kuhusu ukimya: tangu 1985 sheria ya India inamvua kiti mbunge anayepiga kura kinyume cha agizo la chama chake. Inambana mwigizaji, inambana wakili, inambana mkulima. Anayetaka kulalamikia ukimya wa wabunge wa India aanze na sheria hiyo.