Je, Wajua? Kwa Nini Anayevamiwa Hukauka Badala ya Kupiga Mayowe

"Kwani mlango ulifungwa kwa ufunguo?" Hilo ndilo swali la kwanza nililomuuliza mwenzangu wa chumbani aliponieleza yaliyompata. Tulikuwa mwaka wa pili chuoni, hapa Mombasa, chumba cha watu wanne, wawili wamekwenda kwao wikendi. Alikuwa amekwenda ofisini kwa mhadhiri kufuatilia alama za somo moja ambazo hazikuonekana kwenye matokeo. Aliketi kitandani na leso mapajani, akawa anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena.

Akanijibu, "La. Ulirudishwa tu."

Nikauliza la pili: "Sasa mbona hukupiga ukelele? Si kulikuwa na watu pale nje?"

Akasema alichokuwa akikiona wakati wote ule ni saa ya ukutani, mshale wake mwekundu ukizunguka. Kisha akaiweka leso chini ya mto, akalala akigeukia ukuta. Hatukuizungumza tena habari hiyo kwa miaka mingi.

Sikumuuliza kwa ubaya. Nilidhani ninamsaidia kupanga mambo. Kichwani mwangu kulikuwa na hesabu nyepesi: mtu akivamiwa ana njia mbili, apigane au akimbie, na akishindwa zote mbili basi sauti anayo. Asiyepigana, asiyekimbia, asiyepiga mayowe, nilidhani kuna sehemu fulani ndani yake iliyokubali, au angalau haikukataa sana. Sikulisema kwa maneno hayo, lakini maswali yangu mawili yalilisema.

Imani hii inatufikia kwa njia nyingi, ndiyo maana ni ngumu kung'oka. Tangu utotoni tunaambiwa ukiguswa piga kelele. Ni wosia mzuri, ila unaacha dhana nyuma yake kwamba asiyepiga kelele hakuguswa kweli. Halafu Pwani wengi tumekua tukisikia kwamba mwari akiulizwa habari ya ndoa akanyamaza, kimya chake ni idhini. Watu huchukua neno hilo wakalipeleka pasipo pake. Kimya cha mwari huja baada ya kuulizwa, mbele ya walii wake, yaani msimamizi wa ndoa yake, nyumbani kwao, naye ana nafasi ya kusema sitaki na akasikilizwa. Mtu aliyebanwa pembeni mwa kabati la mafaili hakuulizwa kitu. Kimya chake hakijibu swali lolote kwa sababu hakuna swali lililotangulia.

Kisha imani hiyohiyo huingia kwenye vikao vya nidhamu, ikavaa suti. Ulifanya nini kumzuia? Nani alikusikia? Mbona ulikaa siku nne kabla ya kusema? Na mbaya kuliko vyote, humwingia aliyevamiwa mwenyewe. Akirudi chumbani hujiuliza yaleyale, usiku hata usiku, na kwa kuwa hana jibu hujihukumu kabla ya mtu mwingine yeyote kumhukumu.

Jibu liko kwenye mwili, na ni jibu la ajabu kweli. Tuanze na kuku.

Aliyewahi kununua kuku wa kienyeji soko la Kongowea ameliona. Kuku akikamatwa hupigapiga mbawa na kulia, halafu ghafla anatulia. Macho yako wazi, moyo unakwenda mbio, lakini mwili hausogei. Mlaze chali, mshike taratibu kwa muda mfupi, kisha mwachie. Mara nyingi hataondoka. Atabaki amelala pale sekunde kadhaa, pengine dakika kadhaa, kisha atainuka kwa kishindo kama aliyeamshwa usingizini. Jambo hili si geni kwa wasomi. Padri Mjesuti Athanasius Kircher aliliandika mwaka 1646, akidhani ni nguvu ya mawazo ya kuku mwenyewe.

Kwa nini mnyama akauke pale anapohitaji kukimbia kuliko wakati wowote? Watafiti wawili wa Marekani walichapisha mwaka 1975 matokeo ya jaribio lililohusu bata 50 na mbweha wekundu. Bata wengi walipokamatwa walilegea kama waliokufa. Mbweha, akidhani kazi imekwisha, aghalabu alilegeza meno au alimweka bata chini. Bata 29 kati ya wale 50 walikuwa hai baada ya kukamatwa huko kwa mara ya kwanza. Anayefurukuta humchochea mshikaji akaze taya, na aliyetulia hupata upenyo. Mwili wa mnyama umeurithi mkakati huo kwa vizazi visivyohesabika, na haumwombi ruhusa mwenyewe kabla ya kuutumia.

Binadamu naye anao. Mwaka 1979 Susan Suarez na Gordon Gallup waliandika kwamba yale yanayosimuliwa na watu waliobakwa, yaani mwili kuwa mzito, sauti kukatika, baridi, kutetemeka, akili iko macho lakini viungo havitii, yanafanana mno na kukauka kwa wanyama. Kiswahili kilikuwa na maneno yake zamani: kupigwa na bumbuazi, kufa ganzi, kukauka. Tulikuwa na msamiati, ila hatukuuamini pale ulipohitajika.

Ndani ya kichwa mambo huenda hivi. Fikiria jahazi linaingia bandarini usiku. Tezini, yaani nyuma, yuko nahodha, anayeijua safari, shehena na ahadi alizoweka na watu. Omo, yaani mbele, amesimama baharia mmoja mwenye kazi moja tu, kutazama miamba. Akiona weusi majini haendi tezini kushauriana, maana akishauriana jahazi litakuwa limeshavunjika. Anaitupa nanga papo hapo.

Baharia huyo ni amigdala, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi. Nahodha ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayopima, kupanga na kuchagua maneno. Baharia ana kasi kuliko nahodha, na hofu ikizidi, kemikali za mshtuko humdhoofisha nahodha hata asiweze kufikiri kwa utulivu. Amri huteremka hadi katikati ya ubongo, mahali panapoongoza misuli bila hiari yetu, na nanga inashuka.

Sasa hapa ndipo nilipokuwa sielewi kwa miaka mingi. Nahodha hakulala. Anaona kila kitu, anataka jahazi liondoke, anapaza amri, lakini nanga imeshika chini na jahazi haliondoki. Ndiyo maana mtu anaweza kukueleza rangi ya mshale wa saa na mpasuko wa rangi ya ukuta, na hapohapo akashindwa kukueleza kwa nini hakuinua mkono. Na sauti? Sauti nayo ni misuli. Ili upige yowe unahitaji kifua kivute pumzi, koo likaze, ulimi na taya vifanye kazi. Misuli ikikauka, yowe hukauka nayo.

Inafaa kutenganisha hatua mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kitu kimeanguka jikoni saa nane za usiku, unasimama wima, unazuia pumzi, unasikiliza. Ni fupi, na baada yake unaamua la kufanya. Ya pili ndiyo kukauka kwenyewe, na hutokea hofu inapokuwa kubwa na njia ya kutokea haionekani. Njia kufungwa si lazima iwe ufunguo. Mkono uliokandamiza bega, mwili uliosimama kati yako na mlango, au mtu anayeshika karatasi zako zote za mtihani, vyote ubongo unaweza kuvisoma kama mlango uliofungwa.

Je, hutokea kwa wangapi? Utafiti unaotajwa sana ulifanywa Stockholm, ukachapishwa mwaka 2017. Wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya waliobakwa waliulizwa kuhusu hali yao wakati wa tukio. Asilimia 70 walieleza kukauka kwa kiwango kikubwa, na asilimia 48 kwa kiwango cha juu kabisa. Waliokauka ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata maradhi ya kiwewe na sonona kali walipopimwa tena baada ya miezi 6. Tukumbuke hayo ni masimulizi ya baadaye kwa hojaji, ya wanawake waliofika kliniki, katika jiji moja la Ulaya. Asilimia hizo si za kuhamishia mitaa yetu ya Mombasa, Tudor au Kisauni, jinsi zilivyo. Tena mengi tunayoyajua kuhusu njia za ubongo yanatokana na wanyama, kwa sababu hakuna mtafiti mwenye utu atakayemtia binadamu hofu ya namna hiyo ili ampime. Ila picha ya jumla iko wazi: kukauka ni jambo la kawaida, na huwapata wanaume pia.

Na si kila kimya ni kukauka. Mwanafunzi mwingine huwa na akili timamu kabisa na anapiga hesabu: nikipiga kelele, mradi wangu wa mwisho atausahihisha nani? Hicho ni kimya cha mtu anayejiokoa kwa njia aliyoiona, nacho pia si ridhaa.

Sheria ya Kenya imeliona hilo mapema kuliko wengi wetu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, mbunge wakati huo, inasema katika kifungu cha 42 kwamba mtu ameridhia pale anapokubali kwa hiari, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Kifungu cha 43 kinataja waziwazi matumizi mabaya ya mamlaka yanayomfanya mtu ashindwe kuonyesha kwamba hataki. Kifungu cha 23 kinamhusu mwenye mamlaka anayeendelea kumsumbua mtu kingono ilhali anajua hatakiwi: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili.

Kwa chuo, maana yake ni nzito. Mpango wa usalama unaotegemea yowe utashindwa katika matukio mengi, kwa kuwa yowe halitakuja. Askari wa getini atakuwa macho, taa za njia ya hosteli zitawaka, na bado mambo yatapita kimya nyuma ya mlango uliorudishwa. Kinga lazima ianze kabla ya baharia kutupa nanga. Alama zilizokosekana zifuatiliwe kwenye dawati la idara lenye watu zaidi ya mmoja, si kwenye ofisi ya mtu mmoja saa kumi na mbili jioni. Milango ya ofisi iwekwe kioo. Mwanafunzi aruhusiwe kuingia na mwenziwe bila kuombwa maelezo. Wenzake nao wafundishwe kutosubiri kuitwa: ukiona rafiki ametulia isivyo kawaida kwenye kona ya sherehe, mkono wa mtu uko kiunoni mwake na macho yake yako mbali, nenda ukamwambie, "Twende, tuktuk imefika."

Mazoezi pia yanasaidia. Katika vyuo vikuu vitatu vya Kanada, wanawake 893 wa mwaka wa kwanza waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa vipeperushi, wengine mafunzo ya saa 12 ya kutambua hatari mapema na kukataa kwa maneno na kwa mwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: katika mwaka mmoja, waliobakwa walikuwa asilimia 9.8 kwa kundi la vipeperushi na 5.2 kwa waliofundishwa. Baharia anaweza kuzoezwa, basi, ingawa si kila mara. Na mafunzo hayo yasigeuzwe kuwa swali jipya la "si ulifundishwa?", maana aliyepaswa kujizuia tangu mwanzo ni yule mwingine.

Aliyepatwa na jambo hili Mombasa aanze hospitali, hata kabla ya polisi. Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara ina kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Dawa za kuzuia VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kama anaweza, asioge kwanza, na nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwa gazeti, kwa sababu plastiki hutunza unyevu unaoharibu ushahidi. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, hailipiwi. Simu ya 1195, ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, haina gharama.

Mwaka jana nilimtembelea yule mwenzangu, sasa ni mama wa watoto wawili. Nilimwomba msamaha kwa maswali yale, nikamweleza habari ya kuku, bata na nanga. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza, "Na huyo kuku hulala vile muda gani?"

Nikamwambia wengine sekunde, wengine dakika kadhaa.

"Mimi niliona adhuhuri nzima," akasema. "Nilipotoka nikaitazama ile saa. Zilikuwa dakika sita."