Mpango wa biashara si wa benki tu

Wengi wetu Uganda tunaamini kwamba mpango wa biashara ni wa kampuni kubwa, au ni karatasi ya kuombea mkopo. Pesa ikitoka, mpango huo unafungiwa kabatini. Lakini kwa kawaida, kupanga ni kazi ya kurudiarudia: unaweka lengo, unatazama hali, unachagua njia, kisha unalinganisha na yaliyotokea. Fundi wa sare za shule Kampala anayenunua vitambaa Desemba kwa kuwa muhula huanza Februari ameshapanga, hata bila kuandika. (Ingawa kuandika kunafaa, kwa kuwa kichwa husahau madeni.)

Jaribu mwenyewe. Ukiuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), andika Jumatatu: chapati ngapi, trei ngapi za mayai wiki hii? Jumapili jioni hesabu zilizouzwa, uone umekosea wapi.