Kuvu na Madoa ya Tanga: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mvua za masika zinapokatika na mashua kuanza kushushwa tena majini, wengi hukunjua matanga waliyoyahifadhi na kuyakuta yameota madoadoa meusi. Hapo ushauri wa kila aina humiminika, na sehemu kubwa ya ushauri huo hulidhuru tanga kuliko kuvu yenyewe.

Iliyozagaa zaidi ni dhana kwamba maji ya bahari yanatosha kuoshea tanga, kwa kuwa chumvi huzuia kuvu kama inavyomzuia ng'onda kuoza. Ulinganisho huo hausimami. Ng'onda husalimika kwa sababu chumvi imemkolea na kumtoa maji, ilhali inayobaki kwenye kitambaa ni chembe chache ambazo hufanya kinyume chake: unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 75, jambo la kawaida usiku katika pwani yetu, chembe hizo huuvuta unyevu huo hadi zikayeyuka. Tanga lililokauka mchana hulowa tena likiwa limekunjwa, na kuvu hupata maji yake. Kwa hiyo suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kisha likaushe kabisa kabla ya kulikunja.

Wengine huamini kwamba jiki husafisha tanga lolote. Jibu linategemea kitambaa. Nailoni huharibiwa na klorini iliyomo kwenye jiki, hivyo isiguswe nayo kabisa. Poliesta huivumilia ikiwa imezimuliwa sana na kusuuzwa mapema. Merikani nayo, kwa kuwa ni pamba, hudhoofika ikirowekwa kwa muda mrefu, na tayari imekwisha kudhoofishwa na kuvu, ambayo hula nyuzi za pamba zenyewe. Juu ya poliesta kuvu hula uchafu tu, kama vile kinyesi cha ndege na mafuta ya samaki. Anza na sabuni laini, maji ya uvuguvugu na brashi isiyokwaruza. Doa la kutu halitoki kwa jiki. Hulegezwa na maji ya ndimu. Lakini ndimu au siki isichanganywe na jiki hata kidogo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Doa likibakia baada ya yote hayo, haimaanishi kwamba kuvu ingali hai. Kuvu hufa na rangi yake ikasalia ndani ya nyuzi. Nakiri kwamba nami napenda tanga jeupe, ila kulisugua hadi mshono ufumuke kwa ajili ya weupe ni hasara tupu.

Kuhusu jua, ni kweli kwamba huua kuvu ya juu juu, lakini miale yake huozesha nailoni, poliesta na pamba pia. Upepo wa kivulini unatosha.

Na si kila tanga lenye rangi ya kahawia ni chafu. Wavuvi wa Uingereza, enzi za matanga ya pamba, waliyatia kwa makusudi katika maji yaliyochemshiwa magome ya miti yenye tanini, kemikali ya asili ya mimea, ili yasioze, na hudhurungi ile inayoonekana katika michoro ya mashua zao ndiyo iliyokuwa dawa.