Je, wajua kwa nini dirisha lililopimwa sawasawa hukataa kuingia ukutani?

Mtu anajenga Shela, kisiwani Lamu. Dirisha la alumini limetengenezwa Mombasa, likaja kwa lori hadi gati la Mokowe upande wa bara, likavushwa kwa boti, kisha mahamali wakalibeba vichochoroni. Kufika kiwanjani, haliingii. Mwashi anaapa tundu lake ni milimita 1,200 kama ramani ilivyosema. Fundi wa alumini naye anaapa dirisha lake ni 1,200. Tepu ikitolewa, kila mmoja anaonekana mkweli, na ugomvi unaanza.

Tatizo ni ramani yenyewe. Kitu cha 1,200 hakina njia ya kupita kwenye tundu la 1,200, maana hakuna kazi ya mkono wala ya mashine inayotoka bila kuzidi au kupungua kidogo. Mwashi hodari akikosea milimita 5 kwenye bloku, hajaharibu kitu. Fremu yaweza kuzidi 2. Halafu inakuja plasta, milimita 15 kushoto na 15 kulia, na hiyo watu wengi huisahau kabisa. Sasa piga hesabu: tundu tupu likiachwa 1,250, mwashi akila 5, plasta ikila 30, zinabaki 1,215. Dirisha la 1,202 linaingia, na uwazi wa milimita 6 na nusu kila upande unazibwa kwa silikoni. Hakuna aliyefanya kazi kwa usahihi zaidi ya jana. Kilichobadilika ni kwamba kosa limetengewa mahali pa kukaa.

Makosa madogo pia hujumlikana. Weka madirisha 10 kwenye ukuta mmoja, kila moja likipimwa kutoka lililotangulia, na kila kipimo kikikosea milimita 5. Yote yakielemea upande mmoja, dirisha la mwisho limehama sentimita 5. Kwa kawaida mengine huzidi na mengine hupungua, kwa hiyo huishia karibu na milimita 16, lakini kutegemea bahati si ujenzi. Fundi aliyekomaa hushika sifuri ya tepu kwenye kona ileile na kusoma vipimo vyote kutoka hapo. Tepu nayo si ya kuaminiwa kupita kiasi: ya chuma yenye mita 30, ikipata joto la nyuzi 25 zaidi ya lile ilipopimiwa kiwandani, hurefuka kwa karibu milimita 9. Jua la Lamu adhuhuri laweza kuifikisha huko.

Ajabu ni kwamba Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, umejengwa kwa vitu visivyopimika: mawe ya matumbawe yasiyolingana, chokaa, na boriti za mikoko zilizopinda kidogo. Mbona nyumba zimesimama na milango inafungika? Tazama boriti inavyokaa. Ncha zake zinazama ndani ya ukuta mnene wa kama nusu mita, kwa hiyo ikizidi au kupungua shibiri, ukuta unaficha. (Urefu wa boriti, kwa njia, ndio ulioamua vyumba viwe vyembamba, upana usiofika mita 3.) Mabonde ya jiwe yanajazwa na lipu ya chokaa.

Mlango wa nakshi ndio unaonifurahisha zaidi. Una mbao mbili, na ule mhimili wa katikati uitwao mfaa umepigiliwa kwenye ubao mmoja tu, ukiufunika ufa kati yao. Masika yakija mbao hunywa unyevu na kupanuka, kaskazi ikivuma hukauka na kusinyaa. Ufa unapanuka na kubana chini ya mfaa, na anayepita nje haoni chochote. Ni pambo, ndiyo, lakini linafanya kazi.

Alumini na kioo havipigwi randa kama mbao. Ndiyo maana vipimo vya kuagizia visitoke kwenye ramani bali kwenye tundu lenyewe baada ya plasta: pima upana juu, katikati na chini, uchukue ulio mdogo, kisha pima kona kwa kona uone kama tundu limekaa mraba. Na kwenye mkataba wa mwashi usiandike 1,220 (yaani 1,250 ukitoa plasta) peke yake. Andika “kati ya 1,215 na 1,225 baada ya plasta”, ili boti ikitia nanga mjue gharama ya kurudisha dirisha Mombasa ni ya nani.